Barua kwa Mama Kalunde: swichi na vihisi vya nyumba ya Ipuli, Tabora

Mwanga, Kigoma
9 Novemba

Mpendwa rafiki yangu Mama Kalunde,

Mwangaluka, na salamu nyingi kwa shemeji, kwa mama na kwa watoto. Barua yako niliipokea Ijumaa kutoka kwa yule kijana aliyeshuka na treni, pamoja na asali, na nimeisoma mara mbili kwa sababu umeniuliza jambo ambalo nimelihangaikia kwa miaka mitatu katika nyumba yangu mwenyewe. Unasema kwamba fundi amemaliza kutindua kuta na kulaza mabomba ya nyaya, kwamba plasta itaanza mwisho wa mwezi huu, na kwamba ungependa taa, pampu ya maji na geti viweze kuendeshwa kwa vifaa visivyotumia waya, kwa kiasi cha fedha ambacho familia kama zetu zinaweza kukimudu. Umeniandikia pia bei ulizotajiwa Kariakoo, ukataka nikuambie kipi ni nafuu zaidi. Naomba uniruhusu nianzie mahali pengine, maana bei ndiyo niliyoanza nayo mimi, na ilinigharimu pampu.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa swichi ya Wi-Fi isiyo na jina la kueleweka, niliyoinunua kwa bei ya chini ya nusu mfuko wa saruji na kuifunga kwenye pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini hadi tangi la juu. Unaijua mvua ya huku: ukanda huu wa Ziwa Tanganyika na mashariki ya Kongo hupigwa radi nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na radi ikianza, umeme nao hukatika na kurudi, hukatika na kurudi. Usiku mmoja ulirudi saa nane. Swichi ile ilikuwa imetengenezwa ili kila ipatapo umeme iamke ikiwa imewasha, na tangi la chini lilikuwa tupu, hivyo pampu ikazunguka bila maji hadi nilipoamshwa na harufu ya mpira unaoungua. Nilishika simu ili niizime, lakini bando lilikuwa limekwisha tangu jioni, na programu ile haikuweza kuzungumza na swichi iliyo mita sita kutoka kitandani kwangu mpaka amri isafiri kwanza hadi kwenye seva ya nchi ya mbali kisha irudi. Nilitoka na tochi kwenda kushusha breka, na asubuhi fundi wa pampu akanionyesha sili iliyoyeyuka.

Tangu siku hiyo, kila ninaposhika kifaa dukani namuuliza muuzaji swali moja kabla ya bei: umeme ukikatika ukarudi, na intaneti ikiwa haipo, kifaa hiki kitafanya nini? Swichi nzuri hukuruhusu kuchagua hali yake baada ya umeme kurudi, yaani ibaki imezima, iwake, au irudi ilivyokuwa. Kwa pampu chagua kuzima, bila kusita. Kwa taa za ndani chagua irudi ilivyokuwa, la sivyo nyumba nzima itawaka usiku wa manane na kumwamsha mama. Swichi nzuri pia hupokea amri ndani ya nyumba yenyewe bila kutoka nje, na mtu asiye na simu huweza kuiwasha kwa kidole ukutani kama ilivyokuwa siku zote. Kwa jinsi ninavyomfahamu mama yako, sharti hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mama hatakiwi kujifunza chochote kipya ili awashe taa ya chumba chake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo haliwezi kungoja, kwa sababu ya ile plasta. Mafundi wetu wengi hushusha nyaya mbili tu kwenye boksi la swichi: laivu, yaani waya unaoleta umeme, na waya unaorudi kwenye taa. Nyutro, yaani waya unaokamilisha mzunguko wa umeme, hubaki juu, huenda moja kwa moja kwenye taa. Kwa swichi ya kawaida hilo halina tatizo lolote, lakini swichi yenye redio ndani yake ni mashine ndogo ambayo lazima ile umeme saa zote ili iweze kusikia amri, na bila nyutro haina njia ya kukamilisha mzunguko wake. Zipo swichi zilizotengenezwa kufanya kazi bila nyutro. Hizo hupitisha mkondo mdogo sana kupitia balbu yenyewe hata taa ikiwa imezimwa, na kwa balbu za LED za wati tano au tatu tunazotumia sasa, mkondo huo mara nyingi hutosha kuifanya balbu ing'ae kidogo gizani au ipepese, mpaka ufunge kapasita kwenye taa. Zaidi ya hayo, swichi zisizo na nyutro zinazotumia redio ya aina ya Zigbee kwa kawaida hazisaidii kupitisha ujumbe wa vifaa vingine, na hilo ni pungufu kubwa, kama nitakavyoeleza.

Kwa hiyo mwambie fundi ashushe nyutro katika kila boksi la swichi, hata kama leo huna nia ya kuweka chochote hapo, na ncha yake aifunike vizuri kwa kiunganishi. Rola moja au mbili za waya ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kutindua ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Mwambie pia aweke maboksi ya kina cha milimita 35 au 47 badala ya yale mafupi ya 25 au 16, kwa kuwa moduli nyingi, yaani vile visanduku vidogo vyenye redio vinavyofichwa nyuma ya swichi ya kawaida, zina unene wa karibu milimita 20, na ukizisukuma ndani ya boksi fupi pamoja na nyaya zake, kifuniko hakitafunga, au kitafunga kwa kubana nyaya, jambo ambalo ni la hatari. Kazi hii afanye fundi mwenye leseni ya EWURA. Najua kijana wa jirani anafunga umeme kwa bei nafuu, lakini swichi hizi zina rilei ndani, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, na nyutro na laivu zikibadilishwa nafasi, taa inaweza kuonekana imezima huku kishikio chake kikiwa bado na volti 230.

Kama fundi atakuambia kwamba katika vyumba viwili au vitatu bomba ni jembamba na waya wa tatu haupiti, ipo njia nyingine ambayo mimi niliitumia sebuleni. Moduli huwekwa juu ya dari, karibu na taa, ambako laivu na nyutro zote zipo, na zile nyaya mbili zinazoshuka hugeuzwa kuwa nyaya za kuiambia moduli tu kwamba swichi ya ukutani imebonyezwa. Swichi inabaki ileile ya zamani. Ila kwa Tabora nina wasiwasi na njia hii: watengenezaji wengi huandika kwamba moduli hizi zifanye kazi katika joto lisilozidi nyuzi 40, na chini ya bati mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, wewe mwenyewe umewahi kupanda kule na unajua kulivyo. Iwe njia ya dharura, wala isiwe mpango wa nyumba nzima.

Kuhusu lugha ambayo vifaa hivi huzungumza, usiruhusu muuzaji akuchanganye kwa majina mengi. Kwa mfuko wetu zipo tatu za kufikiria. Vile vya redio ya megahezi 433 ndivyo nafuu kuliko vyote, kama vile kengele za mlangoni na rimoti za geti, lakini vingi huzungumza upande mmoja tu: rimoti hutuma, wala haijui kama imesikiwa, na ishara za aina za kawaida mtu mwingine anaweza kuzinakili. Kwa kengele vinafaa. Kwa geti la nyumba yenye watoto mimi sivikubali. Z-Wave nayo ni nzuri, ila vifaa vyake ni ghali na kila eneo la dunia lina masafa yake, hivyo kifaa cha Marekani hakielewani na cha Ulaya. Iache.

Zinabaki Wi-Fi na Zigbee. Uzuri wa Wi-Fi ni kwamba ruta unayo tayari na huhitaji kununua kitu cha katikati. Swichi nyingi za Wi-Fi za bei nafuu, zikiwamo nyingi za Sonoff zinazotengenezwa Shenzhen, zimejengwa juu ya chipu za kampuni ya Espressif ya Shanghai, ile ESP8266 iliyotoka mwaka 2014 na ndugu zake, na kwa sababu hiyo watu wameandika programu huria kama Tasmota na ESPHome zinazoweza kuchukua nafasi ya ile ya kiwandani, na kukata kabisa utegemezi wa seva za mbali. Nimefanya hivyo kwa swichi nne, na hadi leo zinafanya kazi bila bando. Kama shemeji atataka kujaribu, mwambie kwa msisitizo kwamba kifaa kisichomekwe kwenye umeme wa ukutani wakati kimeunganishwa na kompyuta. Kilishwe volti 3.3 kutoka kwenye kijiti cha kuandikia programu na si vinginevyo, kwa kuwa ndani ya vifaa vingi vya namna hii sehemu ya chini ya volti ndogo haikutengwa na umeme wa nyumba, na kosa moja linaweza kumuua.

Udhaifu wa Wi-Fi uko katika mambo mawili. La kwanza ni betri. Redio ya Wi-Fi inapotuma huvuta zaidi ya miliampia 150, mzigo ambao betri ile ndogo ya duara, CR2032, yenye volti 3 na takriban miliampia-saa 220, haikuumbwa kuubeba, ndiyo maana kihisi cha mlango cha Wi-Fi, yaani kifaa cha kutambua mlango ukifunguliwa, huwa kikubwa na hula betri. La pili ni umeme unaoliwa wakati kifaa kimekaa tu. Swichi ya Wi-Fi inayokula wati 1 haionekani kuwa kitu, lakini kumi zake kwa siku 30 ni uniti 7.2, na wewe uliyeniambia kwamba mnajibana msivuke uniti 75 kwa mwezi utaona mara moja kwamba hiyo ni karibu sehemu ya kumi ya LUKU yenu, imeliwa na swichi ambazo hazijawasha taa yoyote.

Kwa vihisi, basi, ushauri wangu ni Zigbee. Hutumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4, lakini kwa ujumbe mfupi na kwa nguvu ndogo, na kihisi hulala muda wote isipokuwa kinapokuwa na habari, hivyo kile changu cha mlango kimekaa na betri moja tangu mwaka juzi. Kitu kinachonipendeza zaidi ni namna vifaa vinavyosaidiana: kila kifaa cha Zigbee kilichounganishwa na umeme wa ukutani, kama swichi yenye nyutro au plagi, hupokea ujumbe wa jirani na kuupeleka mbele, mpaka ufike kwa mratibu, kile kifaa cha katikati kinachopokea ujumbe wote. Nyumba yako ni ya matofali ya kuchoma, ina kuta nene na nondo madirishani, na ishara ya mratibu peke yake haitafika kwenye geti. Itafika kwa kupokezana. Hapo ndipo ile nyutro niliyokusihi uishushe inapolipa gharama yake mara ya pili.

Lakini fikiria tena usiku ule wa radi. Umeme ukikatika, wapokezi wote waliokuwa kwenye umeme wa ukutani huzima kwa pamoja, na vihisi vya betri vilivyokuwa vikiwategemea hubaki bila mtu wa kumpa ujumbe mpaka vitafute njia nyingine, na vingine hukawia sana kuitafuta. Kwa sababu hiyo vihisi ambavyo huwezi kukosa habari zake, yaani cha mlango wa mbele na cha tangi, viwe karibu na mratibu kiasi cha kuzungumza naye moja kwa moja, na mratibu pamoja na ruta viwekewe betri ya akiba. Zile UPS ndogo za volti 12 zinazouzwa kwa ajili ya ruta zinatosha kwa ruta, na ukichagua yenye tundu la USB la volti 5 lenye nguvu ya kutosha italisha na kompyuta ndogo.

Mratibu mwenyewe si kitu cha kutisha. Ni kijiti cha USB kinachochomekwa kwenye kompyuta. Changu kina chipu ya Texas Instruments iitwayo CC2652P, na nilikinunua kwa bei ya karibu mfuko mmoja na nusu wa saruji. Kompyuta yangu ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, inayokula takriban wati 5, yaani uniti 3.6 kwa mwezi, lakini ile laputopu ya zamani ya shemeji yenye kioo kilichopasuka ingeweza kuanza kazi hiyo kesho, na betri yake ni UPS tayari. Juu yake huwekwa Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanza mwaka 2013, pamoja na Zigbee2MQTT, programu ya kuviunganisha vifaa vya Zigbee, inayofahamu maelfu ya vifaa vya watengenezaji tofauti. Maana yake kwa mnunuzi ni kubwa: unaweza kuchukua kihisi cha Aqara, swichi ya Sonoff na balbu ya IKEA, mradi vyote ni vya Zigbee, vikaishi pamoja, badala ya kununua kisanduku cha kila kampuni. Kabla ya kulipa, tafuta jina kamili la modeli katika orodha ya Zigbee2MQTT. Mimi nilishauziwa kihisi kwa kuambiwa ni Zigbee, kumbe kina redio yake ya peke yake na kinataka kisanduku ambacho muuzaji hakuwa nacho. Utasikia pia jina la Matter, lugha ya pamoja iliyotolewa mwaka 2022. Ni jambo jema, ila wewe huna haja ya kuvisubiri vifaa vyake.

Jambo dogo kuhusu kuweka mratibu: kijiti kisichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta. Tumia waya wa USB wa mita moja ukiweke mbali, kwa sababu matundu ya USB 3 hutoa kelele katika masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Kisha iweke ruta kwenye chaneli ya 1 na Zigbee kwenye chaneli ya 25, ili kila mmoja azungumze bila kumpigia mwenzake kelele. Nilipofanya haya mawili, vihisi vilivyokuwa vikipotea kila wiki vikatulia.

Nimesema vihisi, sasa nikueleze vipi hasa. Kihisi cha mwendo cha kawaida huona mabadiliko ya joto: mwili wa mtu unapopita mbele ya ukuta uliopoa. Siku ambazo hewa ya Tabora inakaribia joto la mwili, tofauti hiyo hupungua na kihisi huwa kizito kuona. Usiku hakuna shida, na kwa njia ya mama kwenda msalani, ambako ndiko kunakohitajika, kitafanya kazi vizuri sana. Kiweke chini, kimo cha goti, kiwashe taa hafifu. Kisiwekwe karibu na taa iliyo juu, kwani mjusi anayefuata wadudu atapita mbele yake usiku kucha. Kwa tangi, usinunue kipimo ghali cha kina cha maji. Kihisi cha uvujaji kina ncha mbili za chuma chini yake, na maji yakiziunganisha hutoa taarifa. Kilaze pale bomba la kumwagikia linapotoka, na siku tangi likijaa kitaiambia pampu ipumzike. Hata hivyo floti ya kawaida, lile boya lenye swichi, iliyofungwa kwa waya kwenye tangi la chini ibaki palepale, kwa sababu inajua kuzuia pampu isizunguke kavu hata kama kompyuta imekufa. Katika kuchagua betri, pendelea CR2032 au zile nyembamba za rimoti, AAA, unazozipata kwenye duka lolote mjini. Vihisi vingine hutumia CR1632 au CR2450, ambazo sisi huku huzitafuta kwa shida.

Tafadhali zingatia ampia. Moduli iliyoandikwa 10A hubeba hadi wati 2,300 za mzigo mtulivu kama pasi, lakini mota ya pampu inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na rilei ndogo hugandana. Moduli iwashe kontakta, yaani rilei kubwa ya mizigo mizito, na kontakta iwashe pampu. Hita ya bafuni ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampia 24. Usiifikirie kabisa kwa vifaa hivi.

Kama ningekuwa mimi, mwezi huu ningetoa fedha kwa nyaya za nyutro na maboksi yenye kina tu, basi. Nyumba ikishamalizika na kuhamiwa ningenunua kijiti cha mratibu, moduli mbili zenye nyutro kwa sebule na korido, kihisi kimoja cha mwendo kwa ajili ya mama, na kimoja cha uvujaji. Nikae navyo msimu mzima wa mvua. Geti lingesubiri mwakani, likiwa na kihisi cha mlango cha kuniambia kama kweli limefungwa.

Nimempa huyu kijana kihisi changu kimoja cha mwendo nilichobakiwa nacho, kipo ndani ya kopo la dagaa pamoja na betri yake, ili mjaribu kimo na pembe kabla ya kununua. Naye fundi asipige plasta kabla hujanitumia picha ya kila boksi likiwa wazi, nione nyaya tatu ndani yake. Picha za simu zinatosha, na nitazijibu siku hiyohiyo.

Wasalimie wote hapo Ipuli, na umwambie mama kwamba mawese aliyoyaagiza yatakuja na safari ijayo.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote,
Mama Shukuru